Vitufe Vilivyochelewa Kufika Singida

Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Singida kufanywa mkoa, Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Iliitwa ICT 1500. Nembo ilikuwa ya Waingereza, lakini mwili ulikuwa wa Marekani: mashine ilibuniwa na kampuni ya RCA kwa jina la RCA 301, kisha ICT wakaibatiza upya na kuwauzia wateja wao. Kompyuta za rika lile zililishwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Aliyebonyeza vitufe alikuwa karani wa mashine ya kutoboa kadi, na kompyuta yenyewe huenda hakuigusa hata siku moja.

Mkoani Singida, kitufe cha miaka ile kilikuwa cha taipureta. Treni zilizosimama Manyoni na Itigi ziliendeshwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lenye makao makuu Nairobi, ambako kompyuta zilikwisha kuingia kazini katika miaka hiyohiyo ya 1960. Barua za huku bara ziliendelea kupigwa kwa nyundo za chuma, nakala zikitoka kwa karatasi ya kaboni. Olympia ya Ujerumani, Imperial iliyotengenezwa Leicester, Olivetti ya Italia na Facit ya Sweden ni majina ambayo makarani wa Afrika Mashariki waliyajua kama dereva anavyojua majina ya malori.

Taipureta ilimfunza mtu mambo ambayo baadaye yangemsumbua. Nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha tarakimu 1. Mchapaji alitumia herufi ndogo ya l, na kwenye karatasi hakuna aliyegundua. Kompyuta inagundua. Taipureta pia ilidai nguvu za vidole, maana kila kitufe kilibeba mkono wa chuma mpaka kwenye utepe. Hata sauti ilikuwa sehemu ya kazi: karani alisikia herufi ikigonga, akajua imeandikwa, macho yakabaki kwenye mswada. Hilo la sauti likumbukwe, kwani wahandisi wa kibodi za kompyuta walikuja kulihangaikia kwa miaka mingi.

Kisha ikaja 1974. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Kompyuta zilizokuwapo nchini zilihesabika kwa vidole. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka uliotangulia na fedha za kigeni zimekuwa adimu. Juu ya hapo, jitihada za kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta zilikuwa zimekwenda mrama na kuiacha Wizara ya Fedha na maumivu. Marufuku ilikuwa na mlango mdogo: aliyethibitisha haja yake aliweza kuomba kibali. Wengine walibaki na chuma. Katikati ya muongo huohuo kikaanzishwa Chuo cha Uhazili Tabora, jirani wa magharibi wa Singida, kikazalisha makatibu muhtasi waliofundishwa kupiga chapa kwa vidole vyote bila kutazama mashine. Nchi iliyofunga mlango wa kompyuta ilikuwa ikiandaa wachapaji hodari kabisa wa taipureta.

Masharti hayo yalilegea polepole hadi miaka ya 1990. Mtu wa kawaida ataona hapo habari ya uchumi na siasa. Mtafutaji wa kibodi za zamani ataona jambo jingine, tena la ajabu: miaka 20 ambayo Tanzania ilijifungia ndiyo hasa miaka ambayo dunia ilitengeneza kibodi bora kuliko zote zilizotangulia, na pengine kuliko nyingi zilizofuata.

Tuanze nyuma kidogo, na Honeywell ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kitengo chake cha Micro Switch kilitoa swichi isiyo na mguso wa chuma kwa chuma. Ndani ya kila kitufe kulikuwa na sumaku ndogo iliyoshuka karibu na kipande cha elektroniki kinachohisi sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Kwa kuwa hakuna kinachosuguana wala kuchomeka, swichi hizo zilidumu kupita umri wa mashine zilizozibeba. Kampuni ya Key Tronic, iliyozaliwa Spokane mwaka 1969, ilichukua njia ya bei nafuu: chini ya kitufe iliweka kipande cha sponji chenye karatasi ya metali, kikisogea karibu na bao la saketi, mabadiliko ya chaji yanasomwa. Sponji, bila shaka, huoza. Kibodi ya Key Tronic ya mwaka 1983 ikifunguliwa leo hutoa makombo.

IBM ndio waliokwenda mbali zaidi katika kuitafuta ile sauti ya taipureta. Taipureta yao ya umeme, Selectric ya mwaka 1961, ilikuwa imewafundisha wachapaji wa dunia nzima kutegemea mguso mkali na mlio. Mhandisi wao Richard Harris alipata hataza Oktoba 1978 kwa wazo jepesi kulieleza na gumu kulitengeneza: chini ya kitufe weka springi ndefu, kidole kikiishinikiza ifike mahali ijipinde ubavuni kwa ghafla. Kujipinda huko kunapiga mlio, kunakipa kidole mshtuko mdogo, na papo hapo kunausukuma upau wa chini unaotuma herufi. Mambo matatu yanatokea kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mchapaji wa springi hiyo hana haja ya kubonyeza mpaka chini wala kutazama kioo.

Springi hiyo ilitoka na kompyuta ya IBM ya Agosti 1981, kwenye kibodi ambayo wapenzi huiita Model F, yenye vitufe 83 na vile vya F vikiwa safu mbili upande wa kushoto. Katikati ya muongo ikafuata Model M. Humo IBM walibana gharama: badala ya bao la saketi chini ya springi waliweka tabaka za plastiki nyembamba zilizochorwa njia za umeme. Model M ndiyo iliyosambaa duniani na kuweka mpangilio wa vitufe tunaoutumia mpaka leo, mishale yake katikati na tarakimu kulia.

Ng'ambo ya pili, Wajapani wa Alps walikuwa wakitengeneza swichi ndogo zenye mashina ya rangi, na Cherry, kampuni iliyoanzia Illinois mwaka 1953 na kujenga ngome yake Ujerumani, ilipata hataza ya swichi ya MX mwaka 1984. Apple walitumia Alps katika kibodi yao kubwa ya mwaka 1987. Kibodi ya namna hiyo ilikuwa kifaa cha gharama, ikiuzwa pamoja na kompyuta yenye thamani ya gari. Kompyuta zilipoanza kushuka bei, kitu cha kwanza kubanwa kilikuwa kibodi: swichi zikang'olewa, vikawekwa vikombe vya raba.

Marufuku ya Tanzania ilipokwisha, raba ilikuwa imeshika soko. Ofisi nyingi zilizonunua kompyuta mpya kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ziliruka kutoka taipureta hadi kibodi ya raba, zikaipita sura nzima katikati. Kwa hiyo kibodi ya swichi za kweli ikionekana katika stoo ya Singida, swali la kwanza la kuuliza ni ilipitia mlango gani, kabla hata ya kuuliza ni ya aina gani.

Milango haikuwa mingi. Kulikuwa na kibali cha serikali, kulikuwa na miradi ya wafadhili, kulikuwa na misheni, na baadaye kabisa mitumba ya Ulaya na Marekani. Kwa upande wa misheni, mkoa huu una jambo linalomrahisishia kazi mchunguzi, kwa sababu wageni wake walitoka nchi tofauti na kila nchi ina kibodi yake. Iramba ilipata Walutheri wa Marekani wa Augustana tangu miaka ya 1920, na Dayosisi ya Kati ya KKKT ina makao Singida mjini. Makiungu ina hospitali ya masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoanzishwa na Mwairishi Mary Martin mwaka 1937. Itigi ina hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya wamisionari wa Damu Azizi, ambao mizizi yao ni Italia. Kilimatinde ni ya Waanglikana.

Sasa tazama vitufe. Kibodi ya Kimarekani ina Enter iliyolala kama tofali moja na alama ya dola juu ya 4, bila paundi popote. Ya Uingereza na Ireland ina Enter iliyosimama kwa ghorofa mbili na paundi juu ya 3. Ya Kitaliano ina à, è, ì, ò na ù upande wa kulia, na taipureta za Kitaliano zilikuwa na Z mahali pa W, jambo linalotosha kumvuruga mhitimu yeyote wa Tabora. Ya Kijerumani hubadilishana Y na Z, ikaongeza ä, ö na ü. Kibodi yenye ò iliyookotwa Itigi ina uwezekano mkubwa wa kuwa imekuja na Waitaliano kuliko kuwa mtumba wa Kariakoo. Ushahidi huo hautoshi mahakamani, ila unaonyesha pa kuanzia kuuliza.

Misheni hizohizo zilikuwa na tatizo la herufi ambalo hakuna kiwanda kilicholifikiria. Mmisionari Howard Olson alichapisha mwaka 1964 uchambuzi wa sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Lugha hiyo ina irabu 7, na taipureta ya Kiingereza ina herufi 5 za irabu. Taipureta inamruhusu mtu kujinasua: unarudi nyuma hatua moja, unapiga kistari juu ya herufi iliyokwisha kuchapwa, umepata herufi mpya. Kwenye kompyuta ya mwaka 1981, herufi ya pili inaifuta ya kwanza. Kwa jambo hilo moja chuma kilikuwa mbele ya elektroniki.

Baada ya herufi ni plagi. Plagi nene ya duara yenye pini 5 ni ya kompyuta za IBM za 1981 na 1984 na za walioziiga. Nyembamba yenye pini 6, iitwayo PS/2, ilianza 1987. USB ni ya nusu ya pili ya miaka ya 1990 kuja huku. Bahati mbaya kebo ndiyo kitu cha kwanza kupotea katika kifaa kilichotupwa, kwa kuwa ndani yake mna shaba na wanunuzi wa skrepa hawana haja na historia ya plagi. Ikiwa kebo imekatwa, tazama safu ya chini ya vitufe. Kitufe chenye nembo ya Windows kilianza 1994 na kuenea na Windows 95. Kibodi isiyokuwa nacho kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Kwa kawaida tu, maana watengenezaji wachache waligoma kukiweka kwa miaka mingi, na Dell kwa upande wao waliuza AT101W, yenye kitufe hicho na bado ina swichi nyeusi za Alps chini yake. Kwa nje haina tofauti na kibodi yoyote ya kijivu ya ofisi, na wengi wanaipita.

Kisha igeuzwe tumbo juu. Model M hujieleza yenyewe: ina kibandiko chenye namba ya aina, namba yake binafsi na tarehe ya kuzaliwa. Namba 1391401 ni ya mpangilio wa Marekani, 1391406 ya Uingereza, 1391403 ya Ujerumani. Nyingi za Ulaya zilitoka kiwanda cha IBM cha Greenock, Uskoti. Za Marekani zilitoka Lexington, Kentucky, kiwanda ambacho mwaka 1991 kilipita mikononi mwa Lexmark. Ikiwa kibandiko kimebanduka, mkono utajua: inazidi kilo mbili, kwa sababu ndani mna bamba la chuma. Bamba hilo limeshikwa na vichwa vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani, navyo huvunjika kwa uzee. Itikise kidogo, ukisikia punje zinacheza ndani, ndivyo hivyo vichwa.

Nembo ya IBM peke yake isimlaghai mtu. Zipo kibodi nyingi za IBM za miaka ya 1990 zenye raba tupu, hata baadhi zenye sura ileile ya Model M. Kipimo ni kidole. Bonyeza kitufe kimoja polepole: springi hukaza, hukaza zaidi, kisha hukatika kwa mlio mkali. Raba hubonyea kimyakimya, na iliyozeeka hunata.

Kwa Cherry, jibu liko kwenye namba. Kampuni hiyo iliuza kibodi zenye sura moja na matumbo tofauti. G80 ina swichi za MX, ndiyo inayotafutwa. G81 ina swichi za MY, ambazo hata wapenzi wa Cherry hawazitetei. G83 ni raba. Mtu anayechambua rundo la kibodi za Kijerumani anaweza kumaliza kazi bila kufungua hata moja.

Zisizo na namba zinahitaji kung'olewa kifuniko cha kitufe kimoja. Kipande cha waya kilichopindwa kinatosha. Bisibisi huacha makovu. Shina lenye umbo la msalaba ni Cherry MX au mwigo wake. Rangi yake inaeleza tabia: nyeusi ni nzito na laini njia nzima bila kizuizi, buluu ina mlio, kahawia ina kijinundu kidogo bila mlio. Shina lenye mfuo mwembamba wa mstatili ni Alps au mmojawapo wa waigaji wake wengi wa Taiwan, nako pia rangi huzungumza: nyeupe na buluu zina mlio, ya chungwa haina. Swichi za kampuni ya NMB zina kichwa ambacho wakusanyaji wamekifananisha na viumbe wa mchezo wa Space Invaders wa mwaka 1978, na jina hilo limezigandia. Ukikuta chini ya kifuniko shimo lenye springi nyembamba ikichungulia, umefika kwa IBM.

Rangi ya nje, kinyume na wanavyodhani wauzaji, husema machache. Plastiki iitwayo ABS hugeuka manjano kwa mwanga, na kibodi ya mwaka 1998 iliyokaa dirishani itaonekana kongwe kuliko ya 1986 iliyofungiwa kabatini. Vifuniko vya Model M ni vya PBT, plastiki ngumu zaidi, na mara nyingi hubaki na rangi yake hata kasha likigeuka.

Singida ina sababu yake ya kuchagua nani apone. Mkoa huu wa nyanda kavu una kiangazi kirefu, kati ya Mei na Novemba, chenye upepo na vumbi jepesi linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Swichi za Alps, zinazosifiwa sana zikiwa mpya, haziwezi vumbi. Chembe chache zikiingia kwenye reli ya shina, kitufe kinaanza kukwaruza, na hakuna mafuta yatakayoirudisha hali ya kwanza. Cherry huvumilia zaidi. Model M huvumilia kupita zote, kwa kuwa sehemu zake za umeme zimefunikwa na tabaka za plastiki na vumbi hubaki juu na springi. Adui yake ni chai ya maziwa, inayopenya katikati ya tabaka hizo isitoke tena. Kwa hiyo Alps safi, isiyokwaruza, ikipatikana Manyoni au Ikungi, ama haikutumika sana, ama ilikuja karibuni.

Vifaa chakavu vya serikali huuzwa kwa mnada wa hadhara, na hapo kibodi haihesabiwi peke yake. Huenda katika fungu moja na monita, viti vilivyovunjika na feni, mnunuzi akiwa na macho kwenye vyuma. Taipureta katika mafungu hayo zina bahati kidogo: kila mtu anajua ni za zamani, na wapo wanaozitaka kwa pambo. Kibodi ya kijivu haina bahati hiyo. Wakati huohuo chuo cha Tabora kimekuwa kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kina kampasi nyingine Singida mjini, na wahazili wa leo wanajifunzia kwenye kompyuta, wengi wao juu ya raba.

Hataza ya Cherry ilikwisha muda wake, na viwanda vya China kama Kailh na Gateron vikaanza kutoa swichi zenye msalaba uleule na rangi zilezile. Kibodi za michezo zenye taa za rangi sasa zinauzwa Kariakoo na kupakiwa mabasi ya mikoani, na kijana wa Singida anaweza kusikia mlio wa swichi ya buluu bila kupitia kibali wala misheni. Hilo limeleta ugumu mpya kwa mtambuzi, kwa sababu msalaba peke yake hauthibitishi tena umri. Atafute jina la Cherry kwenye kichwa cha swichi yenyewe. Atazame kama mwili wa swichi ni mweusi mzito au ni wa plastiki angavu ya kupitisha taa, ambayo ni dalili ya upya. Na akitaka kuiunganisha Model M ya 1987 na kompyuta ya leo, kigeuzi cha PS/2 kwenda USB chenye saketi ndani yake kitafanya kazi. Kile kipande kitupu cha bei ya chini hakitafanya. Model F ya 1981 hairidhiki hata na hicho cha kwanza, kwa kuwa lugha inayotumia kuongea na kompyuta si ileile, nayo huhitaji kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili yake.